Maonyesho ya Kilimo Yawe ya Mkulima

Maonyesho ya kilimo hayakuanzishwa kwa ajili yetu. Chama cha kilimo kilichoundwa mwaka 1901 kilikuwa cha walowezi, na maonyesho yake ya kwanza, yaliyofanyika Nairobi mwaka 1902, yalitangaza mashamba yao. Baada ya uhuru chama kikawa chetu, Rais akawa mlezi wake, nasi tukafurika Mamboleo, Kisumu. Lakini jukwaa likapewa heshima kuliko zizi: mgeni rasmi alihutubu, mkulima akapiga makofi.

Desemba 1991 Kifungu cha 2A kilifutwa, tukapata haki ya kuchagua chama tukitakacho. Katiba ya 2010 ikakabidhi kaunti kazi ya kilimo. Hata Mamboleo pamebadilika: Sikukuu ya Madaraka ya 2021 iliadhimishwa katika uwanja wa michezo uliojengwa hapo.

Je, mkulima wa Pap Onditi amefaidi nini? Makorongo yanameza mashamba ya Nyakach. Katika bonde la Nyando wakulima wamejaribu mbuzi wa Gala na kondoo wekundu wa Kimaasai wanaostahimili ukame. Maarifa hayo yaonyeshwe Pap Onditi penyewe, siku ya soko, mbele ya kina mama wanaolima. Kisha mkulima apewe kipaza sauti amwulize kiongozi: fedha za kilimo zimekwenda wapi?

Kwa Kijaluo, *pap* ni uwanja. Uwanja tunao, tudai sauti.