Mambo ya Nyumbani: Juu ya Kijana Aliye Mwembamba

Mwezi huu twaijibu barua ya mama mmoja wa Issuna, katika wilaya ya Ikungi, kwa kuwa neno aliloliuliza ni la nyumba nyingi, wala si la nyumba yake peke yake.

Mama huyu ana binti wa miaka 17. Tangu utoto wake binti ni mwembamba kama ufito. Hula pamoja na wenzake, hushiba upesi, huenda shuleni na kurudi, wala haugui. Lakini shangazi zake wakija kuwatazama, huuliza mbele yake kama nyumba ile ina njaa. Na jirani mmoja alinong'ona neno baya zaidi, kwamba mtoto huyu ana ugonjwa ule watu wasioutaja. Sasa binti ameanza kujitenga na sinia wageni wafikapo. Mwisho, shangazi mmoja ameleta vidonge vilivyofungwa katika karatasi, visivyo na jina, akasema, "Mpe hivi mwezi mmoja, naye atajaa." Mama auliza, Je, nimpe?

Twajibu: Mama, usimpe. Nasi twataka kukueleza sababu zake, ili nawe upate kuwaeleza mashangazi kwa upole na heshima.

Kwanza tusiwahukumu wazee wetu kwa kuupenda mwili ulionenepa. Nchi ya Issuna ni ya mvua haba. Msimu wa mvua ni mmoja tu, tangu Novemba au Desemba hata Aprili, na katika miezi ya kulima ndipo ghala huwa tupu. Mtu aliyeonekana ana mwili mwezi wa Februari alikuwa na akiba ya uwele na ng'ombe wa maziwa. Basi unene ulikuwa alama ya nyumba yenye bidii na baraka. Tena katika miaka ya 1980 ulikuja Ukimwi, na ndugu zetu wa Uganda wakauita Slim, yaani wembamba, kwa sababu uliwakondesha watu hata kufa. Tangu hapo macho yetu yamejifunza kuiogopa mifupa ya jirani.

Lakini siku zimegeuka. Tangu mwaka 2004 dawa za ugonjwa huo hutolewa bure katika nchi yetu, naye azitumiaye vema hufanya kazi na kuwa na mwili kama watu wengine. Na mtu aliyejaa mwili aweza kuwa na virusi bila kujua. Ni kipimo cha damu kinachojua, wala si jicho la jirani. Kwa hiyo amtazamaye binti wa watu na kumtangazia ugonjwa, amesema asilolijua, na kumshuhudia mwenzake uongo ni dhambi.

Sasa tuulize, Kwa nini kijana mmoja huwa mwembamba, na ndugu yake wa tumbo moja akanenepa, nao wala chungu kimoja? Tumezoea kusema kwamba aliye mwembamba hutembea sana na kufanya kazi sana. Wataalamu nao walidhani vivyo hivyo. Mwaka 2022 John Speakman na wenzake walitoa habari ya watu waliowapima huko China: 150 walikuwa wembamba sana ila wenye afya, na 173 wa mwili wa kawaida. Waliona kwamba wale wembamba walitembea na kujishughulisha pungufu kuliko wenzao, kwa kadiri ya sehemu 23 katika 100. Na chakula chao kilipungua kwa sehemu 12 katika 100. Lakini miili yao, hata walipopumzika, ilitumia nguvu nyingi kuliko ilivyotazamiwa kwa miili midogo kama ile. Ni kama jiko lenye moto mkali: kuni ni chache, nazo huwaka upesi.

Kabla yake, mwaka 2019, Sadaf Farooqi wa Cambridge huko Uingereza pamoja na wenzake walichunguza urithi wa watu wembamba 1,622 wenye afya. Waliona kwamba wembamba nao hurithiwa, kama urefu na sura zirithiwavyo. Watu hao walikuwa wamerithi pungufu zile chembe za asili zinazomwelekeza mtu kwenye unene. Basi, mama, mtazame baba wa binti, na bibi zake wa pande zote mbili walipokuwa wasichana. Huenda jibu la swali lako linakaa barazani kwako.

Tena tunao majirani upande wa kaskazini, Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi, waishio kwa mizizi, ubuyu, matunda ya porini, asali na nyama ya kuwinda. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walieleza kwamba wanaume wao hutembea kama kilometa 11 kila siku, na wanawake karibu kilometa 6. Ajabu ni hii: walipopima nguvu zitumiwazo na miili yao kwa siku nzima, na kuzilinganisha kwa ukubwa wa mwili, walikuta zalingana na za watu wa Marekani na Ulaya wafanyao kazi za kuketi. Mwili wa mtu hujua kuweka akiba upande mmoja utumiapo sana upande wa pili. Kwa hiyo kutembea ni kwema sana, lakini kutembea peke yake hakumfanyi mtu kuwa mwembamba wala mnene. Chakula na urithi vina neno lao.

Hapo twakumbuka habari ya mana jangwani. Wana wa Israeli waliokota, huyu nyingi, huyu chache. Walipopima, kila mtu alikuwa na kadiri ya ulaji wake, wala hakuna aliyepungukiwa. Mungu aliyewalisha alijua kwamba matumbo yao hayakuwa sawa.

Nasi katika mkoa wetu wa Singida tumepewa mfano mbele ya dunia nzima. Alphonce Felix Simbu ni mzaliwa wa mkoa huu. Mwaka 2017 huko London alipata nishani ya shaba katika mbio za marathoni za dunia. Na mwezi wa Septemba mwaka 2025 huko Tokyo alikimbia kilometa 42 na zaidi kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, akamshinda Mjerumani Amanal Petros kwa sehemu 3 tu za mia za sekunde moja, akawa Mtanzania wa kwanza kutwaa dhahabu katika mashindano ya riadha ya dunia. Mwili wake ni mwembamba, kwa kuwa mbio ndefu hutaka mwili usio na mzigo mwingi wa kubeba, na utoao joto upesi. Mtu wa umbo kama lake akipita njiani asijulikane, ni wangapi wangemwonea huruma na kumwuliza kama amekula?

Lakini, ndugu zangu, tusivuke mpaka kwa upande wa pili, tukasema kwamba kila mwembamba ni mzima. Katika nchi yetu wako watoto waliokonda kwa njaa na kwa maradhi, na mzazi asiyewatofautisha atamwacha mgonjwa afe akidhani ni maumbile. Zishikeni alama hizi.

Mwembamba wa asili amekuwa hivyo siku zote, huongezeka kimo mwaka kwa mwaka, ana nguvu za kazi na mchezo, hulala vema, na kama ni binti aliyevunja ungo, siku zake huja kwa taratibu. Lakini kijana aliyekuwa na mwili, kisha akapungua, huyo apelekwe zahanati bila kungoja. Vivyo hivyo akohoaye kwa wiki mbili, au alowaye jasho usiku, au mwenye homa ya mara kwa mara, au aharaye siku nyingi, au binti ambaye siku zake zimekatika. Na mwenye kunywa maji mengi, akakojoa mara nyingi na kukonda, ingawa hula sana, apelekwe siku ile ile, kwa kuwa kisukari huwapata vijana wembamba pia. Mwaka 2025 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari liliitambua namna moja ya ugonjwa huo iwapatayo vijana waliokulia katika utapiamlo.

Tena iko hesabu moja ambayo mwalimu aweza kuifanya darasani. Chukua uzito wa mtu kwa kilo; uugawe kwa urefu wake kwa mita uliozidishwa kwa urefu ule ule. Mtu mzima wa kilo 50 na urefu wa mita 1.70 atapata 17.3. Shirika la Afya Duniani huhesabu mtu mzima aliye chini ya 18.5 kuwa na uzito haba. Kwa vijana ambao hawajatimiza miaka 19, zahanati hutumia majedwali ya umri wao. Hesabu hii yaamsha swali, haitoi hukumu. Jibu hutoka kwa mganga aliyempima kijana mwenyewe.

Je, kijana aliye mwembamba kwa asili afanyeje katika kula na kuuzoeza mwili? Afanye yaleyale yampasayo kijana mnene, kwa kuwa chakula chema ni cha damu, mifupa na akili, si cha kujaza mashavu tu. Ugali wa uwele na wa mtama tulioachiwa na wazee ni chakula bora. Uwele una madini ya chuma kuliko mahindi, na binti apotezaye damu kila mwezi ayahitaji. Pamoja na mlenda ziwepo kunde, maharage au karanga. Na maziwa, mayai na matunda kila yapatikanapo. Hapa twasema neno gumu kidogo. Kuku wa Singida wana sifa hata Dar es Salaam, nasi twawauza pamoja na mayai yao kando ya barabara. Kuuza si kosa. Lakini nyumba iuzayo mayai yote, kisha ikanunua soda kwa watoto, imebadili mali kwa sukari. Chupa moja ya soda ina sukari ya vijiko vya chai 8 au 9. Wekeni mayai ya watoto kando kwanza, ndipo mkauze.

Tena kijana ashibaye upesi asilazimishwe kumaliza sahani kubwa. Apewe kidogo mara nyingi: uji wenye karanga zilizosagwa asubuhi kabla ya shule, chakula cha mchana, na cha jioni. Walimu wajua jinsi mtoto aliyechota maji alfajiri na kwenda mwendo mrefu bila kutia kitu kinywani asinziavyo darasani. Mtoto huyo si mvivu, ana njaa.

Na mwili wapaswa kutumika. Shauri la Shirika la Afya Duniani ni kwamba watoto na vijana wa miaka 5 hata 17 wajishughulishe kwa dakika 60 kila siku, na siku tatu za juma ziwe na kazi ya kuimarisha misuli na mifupa, kwa kuwa mifupa ya uzee hujengwa ujanani. Kijana wa Issuna aendaye shuleni kwa miguu, alimaye na kucheza mpira, amekwisha kutimiza hayo. Lakini yule apandaye bodaboda kwa mwendo mfupi na kushinda ameketi na simu, hata akiwa mwembamba, asidhani kwamba wembamba wake watosha badala ya nguvu.

Sasa juu ya vile vidonge. Mara nyingi vidonge vya kunenepesha viuzwavyo kwa siri huwa na siproheptadini, dawa ya mzio, iletayo usingizi na njaa. Mtu aiachapo, uzito hurudi ulipokuwa. Vingine huwa na deksamethasoni au prednisoloni. Dawa hizi ni njema mkononi mwa mganga, kwa ugonjwa wake na kipimo chake. Zikitumiwa ovyo, huvimbisha uso, hupandisha sukari katika damu, hudhoofisha mifupa na kuupunguzia mwili nguvu ya kushindana na maradhi. Na mtu aliyezitumia siku nyingi akizikatiza ghafula, aweza kuwa katika hatari ya kufa. Basi ule uso uliojaa ambao shangazi angeusifu, ungekuwa uvimbe. Tena kidonge kisicho na jina hakuna awezaye kukuambia ni nini.

Basi, mama mpendwa, fanya hivi. Vidonge vile vichukue zahanati uvikabidhi huko. Mpeleke binti apimwe mara moja, ili moyo wako utulie. Kisha waketishe mashangazi, uwashukuru kwa upendo wao, maana kweli walikuja kwa upendo, uwaambie majibu ya mganga. Waombe wasiutaje tena mwili wa binti mbele ya sinia. Na binti mwenyewe umwite akae karibu nawe wakati wa kula, wageni wawepo wasiwepo.

Nasi sote tukumbuke siku Samweli alipokwenda nyumbani kwa Yese kumtia mafuta mfalme. Aliwatazama wana wakubwa wenye umbo na kimo, naye Bwana akawapita wote. Aliyechaguliwa alikuwa kijana aliyeachwa malishoni, ambaye baba yake hakuona haja ya kumwita. Tusimwache mtoto wetu malishoni kwa sababu ya umbo lake.

Bwana abariki meza zenu, na wote wanaoizunguka.