Saini au Faini? Kupaza Sauti Si Kusikika

Wapo watu nchini mwetu wanaoamini kwamba neno lisiposikika mara ya kwanza, dawa yake ni kulisema kwa kishindo zaidi. Imani hii imetawala mikutano ya hadhara, sherehe za harusi na, kwa masikitiko makubwa, shule zetu. Mwalimu mkuu akiona kwamba wanafunzi wa nyuma hawapati matangazo, huiomba bodi ya shule fedha za kununua spika kubwa kuliko za mwaka uliopita. Spika zikifika, kelele huongezeka na uelewa hubaki pale pale. Hoja yangu leo ni kwamba kupaza sauti ni jambo moja na kusikika ni jambo jingine, na kwamba shule isiyotambua tofauti hiyo inawanyima watoto lugha yenyewe.

Yamkini Kiswahili nacho kimechangia mkanganyiko huu. Neno "kipaza sauti" hutumiwa kwa chombo anachokishika msemaji mkononi, na hutumiwa pia kwa sanduku linalotoa sauti upande wa pili. Katika matumizi yote mawili, kitenzi kilichomo ni kupaza. Hatuna chombo kinachoitwa kifafanua sauti. Ama neno "spika", tunalitumia kwa sanduku hilo na kwa mkuu wa Bunge, ambaye kazi yake ni kuhakikisha kwamba kila mbunge anasikika kwa zamu yake bila kufunikwa na wenzake. Laiti spika za shule zetu zingeifanya kazi hiyo!

Wiki chache zilizopita nilizuru Thika kwa ajili ya jambo hili. Shule moja ya Ruiru, ambayo sitaitaja, ilikuwa imeniomba ushauri kabla ya kununua vyombo vipya vya ukumbi wake, nami nikaona ni vyema kwanza nisikilize vilivyoko sokoni. Maonyesho yetu ya vyombo vya sauti hufanyika barazani mwa maduka. Spika hupangwa mlangoni zikaelekezwa barabarani, na kila muuzaji hushindana na jirani yake. Mnunuzi huonyeshwa taa zinazometameta, husikizishwa besi inayotikisa kifua, kisha hutajiwa idadi ya wati. Nilipomwomba kijana mmoja muuzaji aniwekee sauti ya mtu anayesoma habari badala ya muziki, alinitazama kwa mshangao. Alipoiweka, nilisikia mngurumo kama wa mtu anayezungumza ndani ya pipa. Kijana huyo muungwana aliniambia kwamba tangu aanze biashara hajawahi kuombwa hivyo na mteja yeyote, hata walimu.

Kwingineko mambo huwa kinyume. Katika maonyesho mashuhuri ya fani hii, kama yale ya High End yaliyofanyika Munich, Ujerumani, kuanzia mwaka wa 2004 hadi 2025, wenye vyombo hutumia saa nyingi kusogeza spika sentimita chache mbele au nyuma, kuzigeuza kidogo zimwelekee msikilizaji, na kutundika vitambaa vizito ukutani. Wanajua kwamba chumba ni nusu ya chombo. Bei za vifaa vyao hazitajiki mbele ya mwalimu wa shule ya umma. Hata hivyo, maarifa yao ya kupanga na kusikiliza hayauzwi, na yanaweza kutumika Ruiru sawasawa na yanavyotumika Ulaya.

Kwanza tuzitazame hizo wati zinazowavutia wanunuzi. Ukiongeza nguvu za umeme zinazoingia kwenye spika maradufu, sauti hupanda kwa desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio huitambua kwa shida. Ili msikilizaji wa kawaida aseme kwamba sauti imekuwa kubwa mara mbili, huhitajika nguvu mara kumi hivi. Kwa hiyo shule inayotoka wati 200 hadi wati 400 imetumia fedha nyingi kupata kidogo sana.

Suala la pili ni la isimu, na hapa ndipo ninapoombea subira ya msomaji. Katika usemi, irabu ndizo zenye nguvu nyingi za sauti, ilhali konsonanti, ambazo aghalabu ndizo hutofautisha maana, huwa dhaifu na za muda mfupi. Chukua maneno "saini" na "faini". Yanatofautiana kwa sauti moja tu. Alama kubwa ya sauti /s/ imo katika mawimbi membamba, yanayozidi mizunguko 4,000 kwa sekunde, na /f/ ni dhaifu zaidi ya hiyo. Spika iliyojazwa besi huzifunika zote mbili, kwa kuwa ni tabia ya sikio kwamba sauti nene huizima sauti nyembamba kwa urahisi kuliko sauti nyembamba inavyoizima nene. Basi mkuu wa shule akitangaza kwamba kila mzazi aje kutia saini, watakaofika nyumbani na habari za faini hawatakuwa wavivu wala wapumbavu. Watakuwa wamesikia walichosikizwa.

Hatari ni kubwa zaidi katika sarufi. Baina ya "atakuja" na "hatakuja", baina ya "ameruhusiwa" na "hakuruhusiwa", tofauti ya ndiyo na la imebebwa mwanzoni mwa neno, mahali pasipo na mkazo, na mara nyingine na pumzi ya /h/ peke yake. Isitoshe, silabi nyingi za Kiswahili huishia kwa irabu. Maana yake ni kwamba kabla ya karibu kila konsonanti pana irabu yenye nguvu, na katika chumba kinachovuma mabaki ya irabu hiyo huangukia konsonanti inayofuata na kuimeza.

Mvumo ninaousema ni ile sauti inayobaki ikizunguka baada ya msemaji kunyamaza. Uchunguzi wake wa kisayansi ulianza shuleni. Mwaka wa 1895, Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani kilikuwa na ukumbi mpya wa mihadhara ambamo hakuna aliyeelewa neno. Mhadhiri kijana wa fizikia, Wallace Sabine, akapewa kazi ya kuutengeneza. Aligundua kwamba sauti ilidumu ukumbini kwa zaidi ya sekunde 5. Akaanza kuingiza mito ya viti kutoka jumba la jirani, usiku baada ya usiku, akipima kila mara muda uliopungua. Hakuongeza sauti hata kidogo. Alitafuta vitu vya kuinyonya. Kutokana na mito hiyo alipata kanuni ambayo wahandisi wanaitumia hadi leo.

Sasa tufanye hesabu ndogo. Msemaji wa kawaida hutamka silabi 5 hivi kwa sekunde. Ukumbi ukishikilia sauti kwa sekunde 2, silabi 10 huwa hewani kwa wakati mmoja, zikisukumana. Ukiongeza sauti ya spika, unaziongeza zote kumi.

Ukumbi wa ile shule ya Ruiru ulikuwa wa aina tuijuayo sote: paa la mabati, sakafu ya saruji, kuta zisizo na kitu, madirisha ya vioo. Spika mbili kubwa zilikuwa sakafuni, kila moja ndani ya pembe ya jukwaa. Pembe huzidisha besi, na wanafunzi wa safu ya mbele waliokaa mbele ya spika hizo walizuia kwa miili yao zile sauti nyembamba zilizohitajika nyuma. Tuliomba wanafunzi wa kidato kimoja waketi mahali mbalimbali wakiwa na kalamu. Mwalimu wa Kiswahili akasoma orodha ya maneno yanayokaribiana: fika, pika, shika, saini, faini, atalipa, hatalipa. Madaftari ya waliokaa nyuma yalituonyesha ugonjwa ulipo.

Dawa haikugharimu pesa nyingi. Tuliziondoa spika pembeni, tukaziinua juu ya meza imara hadi zikapita vichwa vya walioketi, tukaziinamisha kidogo ziwaelekee watu na kuyapa mabati kisogo. Tulihakikisha kwamba anayesema anasimama nyuma ya mstari wa spika, kwa kuwa maikrofoni ikiisikia spika yake yenyewe ndipo hutokea ule mluzi unaochoma masikio. Tulipunguza besi karibu yote, tukashusha sauti, tukamwomba msemaji aiweke maikrofoni upana wa kiganja kutoka mdomoni. Mapazia ya zamani ya jukwaa yaliyokuwa ghalani yakatundikwa ukuta wa nyuma. Kisha mwanafunzi mmoja akaendelea kusoma huku wengine wakizunguka ukumbi mzima, wakisema ni wapi neno linapopotea. Spika moja ilisogezwa hatua mbili, nyingine ikageuzwa kidogo, hadi wote wakaridhika. Orodha iliposomwa tena, faini zilizoandikwa mahali pa saini zilikuwa chache mno.

Lilizuka pendekezo la kuweka spika ya tatu nyuma kabisa, nami nikalipinga. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde. Msikilizaji akipata neno kutoka spika ya karibu, kisha akalipata tena kutoka spika iliyo mita 17 mbali zaidi, nakala ya pili humfikia sehemu moja ya ishirini ya sekunde baadaye, na hapo sikio huanza kusikia maneno mawili.

Najua yatakayosemwa. Kwamba vijana wanapenda besi. Nami pia napenda gitaa la benga na siwaombei wacheza dansi kimya. Ila kifaa kilichopangwa kwa dansi ya Jumamosi hakiwezi kuachwa vivyo hivyo kwa matangazo ya Jumatatu. Itasemwa pia kwamba shule zina matatizo makubwa kuliko haya: madarasa yamejaa na vitabu havitoshi. Ni kweli. Lakini shule hizo hizo ndizo zinazochangisha wazazi fedha za spika mpya, na mimi nawashauri wasizitumie kabla ya kuzihamisha zile za zamani. Wakongwe miongoni mwetu wanakumbuka jinsi Sauti ya Kenya ilivyosikilizwa vijijini kwa redio ndogo zenye spika ya ukubwa wa kisahani cha chai. Besi haikuwepo kabisa, na hakuna neno la mtangazaji lililopotea. Watangazaji walitamka, chombo kikafikisha.

Fauka ya hayo, watoto wa Thika na Ruiru wanaishi kando ya barabara kuu yenye urefu wa takriban kilomita 50, iliyofunguliwa rasmi mwaka wa 2012, ambako matatu nyingi hushindana kwa muziki tangu alfajiri. Kanuni za kudhibiti kelele zimekuwepo nchini tangu mwaka wa 2009, na utekelezaji wake tunauona wenyewe. Wataalamu wa afya ya kazi huonya kwamba kelele ya desibeli 85 huanza kudhuru masikio ikidumu saa 8 kila siku, na kwamba ikifika desibeli 100 muda wa salama hupungua hadi dakika 15. Mtoto aliyepitia kelele hizo asubuhi hastahili kukutana nazo tena ukumbini mwa shule.

Tuwafikirie pia wale ambao kwao sauti ndiyo ubao. Thika ndiko kuliko na shule ya wasioona iliyoanzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka wa 1946. Mwanafunzi asiyeona akikosa neno katika kongamano au tamasha la shule, hana maandishi ya ukutani ya kumwokoa. Yuko pia mtoto ambaye Kiswahili kwake ni lugha ya pili au ya tatu. Mjuzi wa lugha huweza kubahatisha neno lililomezwa na mvumo kwa kutegemea maneno yaliyolizunguka. Mwanagenzi hana akiba hiyo. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini kote mwaka wa 2019, umeweka kusikiliza na kuzungumza miongoni mwa stadi kuu za somo la Kiswahili. Tutampimaje mtoto kwa kusikiliza ikiwa hatujamfikishia la kusikiliza? Wangapi wameitwa wazito wa kuelewa, kumbe walipewa viti vibaya katika ukumbi mbaya?

Wito wangu ni mwepisi. Vyuo vya ualimu viwafunze walimu watarajiwa jinsi ya kushika maikrofoni na kupanga spika, kama vinavyowafunza kuandika ubaoni. Bodi za shule zisipitishe ununuzi wowote kabla ya jaribio la orodha ya maneno kufanywa ukumbini humo, waliokaa nyuma wakiwa ndio waamuzi. Na wewe mwanafunzi unayesoma safu hii, usione haya kuinua mkono na kusema kwamba hukusikia. Ngoma ikivuma sana hupasuka, walisema wahenga. Na hata kabla ya kupasuka, huwa imekwisha kuwazuia watu kuzungumza.