Wapeni chombo sawa kwanza

Wadau, hapa Mvumi ukitaja mbio za magari kijiweni wanakwambia ni mambo ya wenye hela. Sawa, hapo sibishi. Ninachobisha ni kauli inayofuata: eti wanawake hawayawezi.

Itazameni W Series, mashindano ya wanawake pekee yaliyoanza Mei 2019 Hockenheim, Ujerumani. Madereva walichaguliwa kwa majaribio, si kwa mfuko wa baba. Wote wakapewa gari la aina moja, Tatuus T-318, bila kulipia. Baada ya mbio 6, Jamie Chadwick wa Uingereza akawa bingwa kwa pointi 110, Beitske Visser wa Uholanzi akapata 100. Naomi Schiff, mwenye asili ya Rwanda, naye alikuwemo.

Wabishi watasema: si yalikufa? Kweli, msimu wa 2022 ulikatishwa kwa kukosa fedha. Lakini kilichoisha ni pesa, si uwezo. Mwaka 2024 Chadwick huyohuyo alishinda mbio za Indy NXT kule Road America, Marekani, akawaacha wanaume nyuma.

Sasa turudi Kilosa. Pikipiki ni zilezile, vumbi na tope ni lilelile. Kijana wa kiume anapewa bodaboda ya mkataba, dada yake anaambiwa apande nyuma. Halafu tunasema hawezi! Mmempima lini, jamani? Mpeni na yeye funguo. Akishindwa hapo, ndipo mseme.