Arobaini ya mtoto njiti

Mwezi Novemba mwaka 2023, msimu wa korosho ukiwa umepamba moto mkoani Lindi, niliitwa Kilwa kwa shauri la ukoo. Aliyepiga simu alikuwa mama mkwe wa dada yangu, mkazi wa Kivinje, bibi mwenye heshima zake ambaye hana desturi ya kupiga simu bila sababu. Alisema: "Mjomba, njoo utoe neno. Mwana na mamaye leo siku ya ishirini na nne wako hospitali, kana kwamba hawana kwao."

Msomaji asiyetoka kusini huenda akauliza mjomba anahusikaje na mambo ya wodi ya wazazi. Kwa makabila kadhaa ya Lindi na Mtwara, Wamwera na Wamakonde wakiwamo, ukoo tangu kale hufuatwa kwa upande wa mama, na kaka wa mama ndiye mwenye kauli juu ya watoto wa dada yake. Dini, sheria na maisha ya mjini yamelipunguza nguvu jambo hilo, lakini halijafa. Nikaomba ruhusa ya siku nne kazini, nikapanda basi la alfajiri kutoka Dar es Salaam.

Jioni ile tulikaa barazani Kivinje, na shauri likaelezwa. Mtoto, wa kike, alizaliwa mimba ikiwa na wiki 31, akiwa na uzito wa gramu 1,350. Ndiye yule ambaye siku hizi watu humwita njiti, kwa kumfananisha na kijiti cha kiberiti. Neno lililozoeleka ingawa mimi silipendi sana. Yeye na mama yake walikuwa katika hospitali ambayo sitaitaja, mwendo wa saa kadhaa kwa basi kutoka nyumbani. Shemeji yangu ni mvuvi, na kila safari ya kwenda kuwatazama ilimpotezea siku mbili za bahari. Mtoto wao mkubwa, wa miaka minne, alikuwa akilala akimwulizia mama yake. Korosho za bibi zilikuwa chini ya miti zikingoja mikono. Na siku ya arobaini ilikuwa inakaribia, siku ambayo kwa desturi za pwani mzazi hutoka ndani na mtoto huonyeshwa kwa watu. Nani amepata kusikia arobaini inayofanywa hospitali?

Juu ya hayo, bibi alikuwa na hoja ambayo kwake ilimaliza maneno. "Huyu ni wa miezi saba," alisema. "Wa miezi saba huishi. Wa minane ndiye wa kuogopa." Imani hii si ya Kilwa peke yake. Waganga wa Uyunani ya kale waliiandika katika vitabu vyao, na bado inasikika katika nchi nyingi. Lakini si kweli. Kila wiki anayoongeza mtoto tumboni humwongezea mapafu, mafuta ya mwilini na nguvu za kunyonya, na wa miezi minane ana nafasi kubwa zaidi ya kuishi kuliko wa saba. Ubaya wa imani hii ni kwamba humtoa hofu mtu mahali ambapo hofu ingemfaa.

Nakiri kwamba usiku ule nilikwisha kukata shauri: tutaomba waruhusiwe. Nilimwona bibi ana haki. Siku 25, mtoto hana homa, hana kidonda, anangojewa nini? Nadhani baba wengi na wajomba wengi huyaona mambo hivyo, kwamba kukaa hospitali ni kungoja.

Kesho yake nilifika wodini pamoja na bibi. Chumba kilikuwa na akina mama sita, na kwanza sikumwona mtoto hata mmoja. Kisha nikatambua kwamba kila mama alikuwa na mtoto kifuani, amefungwa kwa kanga ngozi kwa ngozi, kichwa kiko kati ya maziwa, kimevikwa kofia ya sufu, uso umegeuzwa upande ili apumue vema. Dada yangu aliniamkia akiwa amekaa, kwani hakuweza kuinuka haraka. Akanipa daftari la shule la kurasa chache. Humo alikuwa akiandika uzito kila asubuhi. Siku ya kwanza 1,350. Siku ya tano 1,260, na pembeni alikuwa ameandika neno moja tu, "amepungua". Siku ya kumi na nne 1,350 tena. Asubuhi ile, siku ya ishirini na sita, 1,590.

Muuguzi alitueleza kwamba kupungua siku za mwanzo ni jambo la kawaida, na kwamba mtoto wa kiasi kile akiongeza gramu 20 kwa siku anaenda vizuri. Gramu 20 ni kama vijiko vinne vya chai vya maji. Ili zipatikane, dada yangu alikuwa akikamua maziwa kila baada ya saa mbili au tatu, mchana na usiku, mara nane na zaidi kwa siku moja. Wiki za mwanzo mtoto hakujua kunyonya. Kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpangilio ni kazi ambayo mtoto huanza kuimudu mimba inapokaribia wiki ya 34. Maziwa yalipitishwa kwa mrija mwembamba wa puani, kisha kwa kikombe kidogo, na siku zile ndipo alipoanza kukamata ziwa kwa dakika chache, akachoka, akalala. Mimi niliyedhani wanangoja nikawa sina la kusema.

Neno lililokata shauri, hata hivyo, halikutoka kwa muuguzi. Tulikuwa tunazungumza, na bibi ameegemea ukuta, mara dada yangu akanyamaza katikati ya sentensi, akainamisha kichwa kumsikiliza mtoto. Hakupiga kelele. Alimsugua mgongo kwa vidole viwili, mara moja, mara ya pili, na mtoto akashtuka kidogo akavuta pumzi. Kisha dada akaendelea na habari zake pale alipoziachia. Bibi akauliza, "Alikuwaje?" Akajibiwa: "Alisahau kupumua, mama. Siku hizi ni mara chache. Wiki ya kwanza ilikuwa kila siku." Ubongo wa mtoto wa namna hii haujazoea bado kuamrisha pumzi, na baadhi yao husahau. Bibi alikaa kimya muda mrefu. Hatimaye alisema, "Usiku nyumbani ningekuwa nimelala." Hakudai tena kuwachukua.

Matunzo haya huitwa ya kangaruu, kwa jina la yule mnyama wa Australia abebaye mtoto mfukoni. Yalianza mwaka 1978 mjini Bogotá, nchini Kolombia, katika hospitali ya akina mama maskini ambamo mashine za joto zilikuwa chache, watoto wakalazwa zaidi ya mmoja katika mashine moja, na maradhi yakawaua. Dakta Edgar Rey Sanabria aliamua mama awe ndiye mashine. Wapo waliosema hiyo ni tiba ya watu wasio na fedha. Lakini mwaka 2021 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika hospitali tano za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, ya kwetu ikiwa Dar es Salaam, kwa watoto zaidi ya 3,000 waliozaliwa na kilo 1 hadi chini kidogo ya 1.8. Waliowekwa kifuani mara tu walipozaliwa walikufa asilimia 12 katika mwezi wa kwanza. Waliowekwa kwanza katika mashine hadi hali zao zitulie walikufa asilimia 15.7. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likashauri kwamba watoto hawa wabebwe hivyo saa 8 hadi 24 kila siku, wakianza mapema iwezekanavyo.

Saa 24 ni siku nzima. Hapa ndipo ninapotaka wasomaji wangu, hasa akina baba, watulie kidogo. Tukisema kifua cha mama ndiyo mashine, basi tuulize mashine hiyo inatiwa mafuta na nani. Nilipomwuliza dada yangu amekula nini tangu jana, alisema chai na mkate, na juzi yake vivyo hivyo. Kwa sera ya nchi yetu matibabu ya mzazi na ya mtoto wa chini ya miaka mitano katika vituo vya serikali hayalipiwi, lakini nauli, sabuni, chakula cha ndugu na mahali pa kulala ndugu huyo havimo katika sera. Sisi wote, mimi nikiwa wa kwanza, tulikuwa tukipiga simu kuuliza mtoto ameongeza gramu ngapi. Hakuna aliyeuliza mama amelala saa ngapi. Maziwa yalikuwa yameanza kupungua, naye alikuwa akilia usiku kwa siri, akidhani kosa ni lake.

Bibi alisema angeleta supu ya pweza, ambayo watu wa Kilwa huiamini sana kwa kuongeza maziwa. Muuguzi alicheka. Alisema maziwa huongezwa na kunyonyesha na kukamua mara kwa mara, lakini supu iletwe, tena nyingi, kwani mama ana njaa.

Tukapanga upya. Korosho zikaokotwa na vijana wa jirani kwa ujira, nami nikachangia. Wifi yake akaja kukaa wiki moja, na bibi wiki iliyofuata. Lililokuwa gumu lilikuwa la shemeji. Muuguzi alimwambia akaoge, avue shati, akae kitini, abebe mwanawe kwa saa mbili ili mke wake alale. Alitazama chini. Mikono yake, alisema, ni ya nyavu na ndoana, itamkwaruza. Sijui ilikuwa aibu ya akina mama wengine kumwona au hofu ya udogo wa mtoto, pengine vyote viwili. Alipokubali, alikaa saa mbili nzima bila kujisogeza, jasho likimtiririka, na dada yangu alilala usingizi ambao alisema hakuupata tangu ajifungue. Kifua cha mwanamume kina joto sawa na cha mwanamke. Jambo hili litangazwe misikitini, makanisani na katika mikutano ya vyama vya wafanyakazi.

Nimetaja wafanyakazi kwa kuwa kwao kuna habari njema. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilimpa mama likizo yenye malipo ya siku 84, au 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja. Kwa miaka 20 wiki za wodini zililiwa kutoka katika siku hizo hizo, na mama alirudi kazini mtoto akiwa bado mdogo kuliko wenzake. Doris Mollel, ambaye naye alizaliwa kabla ya wakati, pamoja na taasisi yake, walilipigia kelele jambo hili, na marekebisho ya sheria za kazi ya mwaka 2025 yameongeza katika likizo ya mama huyo muda uliosalia hadi mimba ingetimia wiki 40. Mwajiri asiyejua aonyeshwe. Lakini dada yangu huuza maandazi. Hana mwajiri wa kuonyeshwa sheria, na wenzake ni wengi kuliko wenye waajiri.

Tena iko habari ya barabara. Tangu Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003 tumesahau vivuko vya Rufiji, na mwenye dharura ya uzazi au ya mtoto mchanga sasa hupiga namba 115 bila malipo akatafutiwa gari. Hata hivyo mwanzoni mwa Mei 2024, mvua zilizoletwa na kimbunga Hidaya zilikata barabara kuu katika eneo la Somanga, na magari yakakwama siku kadhaa. Nilifikiri juu ya mama wa wiki 31 siku hizo. Ambaye hana gari wala mashine bado ana kanga na kifua, na hilo kila mkunga wa kijiji, na kila bibi, anapaswa kulijua kabla gari halijafika: mkaushe mtoto, usimwogeshe, mvike kofia, mweke kifuani, kisha ndiyo upige simu.

Siku ya arobaini ilifika wakiwa bado wodini. Bibi alileta halua na visheti, akawagawia akina mama wote sita na wauguzi wao, na dua ikasomwa nje ya wodi, chini ya mwembe, na wazee wawili aliowatoa Kivinje kwa nauli yake mwenyewe. Mtoto hakutolewa nje. Siku tatu baadaye uzito ulisoma gramu 1,950, ananyonya mwenyewe, hasahau tena kupumua, wakaruhusiwa kwa sharti la kurudi kliniki kila wiki na kuendelea kumbeba kifuani hadi mtoto mwenyewe akatae.

Nilikuwa nimerudi Dar es Salaam, hivyo safari hiyo nilisimuliwa. Ndani ya basi utingo alimtaka dada yangu akae kiti cha nyuma, akidhani kilichovimba chini ya kanga ni mzigo. Bibi akamfunulia kofia tu, bila neno. Wakapewa kiti cha mbele. Walipofika Nangurukuru, wakingoja gari la kwenda Kivinje, shemeji alivua shati pale pale kituoni, mbele za watu, akasema sasa ni zamu yake.