Mkalufi na Mizofe Yake: Ufahamu Usio na Ufahamu

Ndugu msomaji, kabla sijasema lolote naomba ufanye mtihani mdogo. Soma kifungu hiki:

"Mkalufi alikwenda kondeni kulundua mizofe. Alipofika alikuta mizofe yote imefyonjoka. Basi akaigwanzua kwa tupilo, na jioni akarejea nyumbani akiwa na tunje kubwa."

Sasa jibu maswali. Mkalufi alikwenda kondeni kufanya nini? Aliikuta mizofe katika hali gani? Aliigwanzua kwa kutumia nini? Alirejea nyumbani na nini?

Sina shaka umepata yote manne. Alikwenda kulundua mizofe, aliikuta imefyonjoka, aliigwanzua kwa tupilo, alirejea na tunje kubwa. Lau ningekuwa msahihishaji, ningekupa alama zote na kuandika "vizuri sana" kwa wino mwekundu. Ila mizofe haipo duniani. Nimeitunga mwenyewe, pamoja na tupilo na tunje lake. Hukuelewa hata kitu kimoja, na umefaulu. Upatanisho wa kisarufi ndio uliokubeba: ulifuata viambishi kama mtu afuatavyo nyayo gizani, ukafika kwenye jibu bila kujua umefika wapi.

Ujuzi huo ndio tunaowapa watoto wetu kwa jina la mbinu za kujibu maswali ya ufahamu katika mtihani wa Kiingereza.

Mwezi Juni nilikuwa Simbo, kwa dada yangu. Wasioifahamu Kigoma niwaeleze kwamba Simbo ni kata ya wilaya ya Kigoma, si mbali na Ujiji, mahali inapoanzia barabara ya kuelekea Ilagala hadi Kalya. Ni nchi ya michikichi. Dada yangu alikuwa uani akichemsha chikichi, na mpwa wangu wa kidato cha tatu ameketi juu ya dumu lililopinduliwa, mapajani ana karatasi mbili za fotokopi alizopewa kwenye masomo ya ziada. Nikaziomba.

Zilikuwa mbinu, zimeandikwa kwa Kiswahili ingawa somo lenyewe ni Kiingereza, jambo ambalo peke yake lingetosha kuwa makala. Anza na maswali, kifungu baadaye. Pigia mstari neno kuu lililo katika swali. Litafute neno hilo kwenye kifungu. Ukilipata, nakili sentensi nzima, maana jibu haliwezi kuwa mbali. Kwenye maswali ya kuchagua, ukikwama chagua jibu refu kuliko mengine. Usiache nafasi wazi hata iweje.

"Na kusoma kifungu chenyewe?" nikamwuliza.

Akacheka kwa adabu. "Mjomba, muda hautoshi."

Nasema mapema, nisije nikaeleweka vibaya: sina ugomvi na mwalimu aliyeziandika karatasi zile. Simjui, na nadhani ni mtu mwerevu. Yeye ameusoma mtihani kwa ufahamu mkubwa kuliko ule mtihani unaoudai kwa wanafunzi wake. Aliona kwamba maswali mengi hudai neno lililomo kifunguni, akaona watoto wake hawakijui Kiingereza cha kukisoma kifungu, akajenga daraja la kamba kati ya mambo hayo mawili. Mimi pia nilivuka kwa daraja hilo. Nina shahada ya uzamivu, na nakiri kwamba kidato cha pili nilipata alama nzuri kwa kifungu kirefu ambacho hadi leo sijui kilihusu nini.

Lakini siku ileile, saa kumi hivi, aliingia uani mnunuzi wa mawese. Mtu mpole, mwenye salamu ndefu. Aliuliza hali ya watoto, akauliza hali ya mvua iliyokwisha, kisha akashusha pumzi kwa huzuni. "Dada yangu, bei imeshuka pale Mwanga. Mawese yamejaa sokoni, hayana mtu. Mimi nitakuchukulia haya kwa kukusaidia tu." Akataja bei. Dada yangu akaanza kulegea. Ndipo mpwa wangu, bila hata kuinua uso kutoka kwenye karatasi zake, akasema: "Mama, kama mawese hayana mtu, mbona baba amekuja na madumu manane matupu?"

Ukimya ukaanguka pale uani. Mnunuzi akacheka, bei ikapanda.

Ndugu zangu, huo ndio ufahamu. Binti yule alikuwa na kifungu mbele yake, maneno ya mtu aliyesimama. Alikisikiliza chote hadi mwisho. Alijiuliza msemaji anataka nini. Aliyaweka maneno kando ya jambo lililoonekana lakini halikutajwa, akaona havipatani, akatoa hitimisho ambalo halikuandikwa popote, akalisema kwa maneno yake mwenyewe, tena kwa heshima, kwa mtu anayemwita baba. Hakuna mtahini anayeweza kudai zaidi ya hayo. Kisha binti huyuhuyu akarudi kwenye karatasi zake kujifunza kunakili.

Wapo watakaosema: basi watoto wetu wana akili, kinachokosekana ni bidii katika Kiingereza. Kila mwaka Baraza la Mitihani huchapisha uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, na katika taarifa za Kiingereza lalamiko hili hurudi: watahiniwa wamenakili sentensi kutoka kwenye kifungu, wengine wamenakili hata swali lenyewe. Tunalisoma kana kwamba ni habari ya uvivu. Mimi nalisoma kama habari ya watoto wanaotekeleza kwa uaminifu mkakati pekee waliopewa na mfumo wa elimu: ishi humo bila kuelewa, na usiache nafasi wazi.

Maana suala haliishii kwenye karatasi ya Kiingereza. Mtoto wa Simbo huota kwa Kiha, hununua chumvi kwa Kiswahili, husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha siku moja ya Januari huambiwa kwamba kuanzia leo mzunguko wa damu na sheria za mwendo atavipokea kwa Kiingereza. Kuanzia siku hiyo karibu kila somo linageuka kuwa kifungu cha Mkalufi. Swali la baiolojia lina neno. Daftari lina neno hilohilo. Nakili sentensi iliyo karibu. Anayefanya hivyo kwa miaka minne haji kwetu chuo kikuu akiwa mjinga, la hasha. Anakuja akiwa bingwa wa kulundua mizofe. Sisi wahadhiri tunapokea insha za mwaka wa kwanza ambamo aya ya mwandishi fulani imehamishwa jinsi ilivyo, tunaita wizi wa kitaaluma na kuandika barua za onyo, ilhali mwenzetu anafanya lile lile lililompa daraja la kwanza.

Wala hatuwezi kujitetea kwamba hatukuambiwa. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari ianze kufundishwa kwa Kiswahili, na ikataja wakati: kidato cha kwanza mwaka 1985. Serikali haikukubali. Mwaka 1984 wataalamu wawili wa Uingereza, Criper na Dodd, waliwapima wanafunzi wetu uwezo wa kusoma Kiingereza. Wakakuta kwamba katika kidato cha nne ni takribani mmoja tu kati ya kumi aliyefikia kiwango ambacho mtu angetarajia awe nacho ndipo aanze kufundishwa kwa lugha hiyo. Tafakari: yaani wanne wa mwisho katika ngazi hawajafika pale walipopaswa kusimama wa kwanza. Na pendekezo lao? Kiingereza kiendelee kuwa lugha ya kufundishia. Kukafuata mradi uliofadhiliwa na Uingereza, vikaletwa vitabu vya hadithi nyepesi ili watoto wazoee kusoma. Vitabu vilikuwa vizuri, nilivisoma. Lakini hakuna anayeziba nyufa za paa kwa kumgawia mwenye nyumba mwavuli.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilifungua mlango wa Kiswahili katika ngazi zote za elimu.  Darasa la sekondari bado linaendeshwa kwa Kiingereza, au kwa usahihi zaidi, linaandikwa ubaoni kwa Kiingereza na kuelezwa kwa Kiswahili mkaguzi akiwa hayupo.

Nitajibiwa kwamba Kiingereza ni lugha ya dunia. Mwalimu mwenyewe alikiita Kiswahili cha dunia. Nakubali bila masharti. Ndiyo maana nataka kifundishwe. Lugha hufundishwa na mwalimu aliyeandaliwa, kwa vitabu vingi, kwa mazungumzo, kwa muda wa kukosea bila kuadhibiwa. Haifundishwi kwa kuichanganya ndani ya fizikia kama dawa chungu ndani ya uji, hadi mtoto akakosa dawa na uji. Ujiji ilikuwa ikizungumza Kiswahili kilomita zaidi ya elfu moja kutoka pwani tangu zama za misafara, na hakuna aliyewalazimisha watu wake kujifunza hesabu kwa lugha hiyo. Walikuwa na jambo la kusemezana, wakakijua.

Nikirudi kwenye mbinu zenyewe, maana mtihani wa Novemba hausubiri sera: sizikatai zote. Kusoma maswali kwanza si dhambi, mradi ukisome na kifungu. Kwa wanafunzi wanaonifuata hapa, shaurini walimu wenu hivi. Kisome kifungu chote mara moja bila kalamu, hata ukikutana na maneno usiyoyajua, halafu jiambie kwa Kiswahili, au kwa Kiha, mwandishi amesema nini. Ukishindwa kusema, hujasoma, na kalamu haitakusaidia. Neno gumu usilitazame peke yake, tazama majirani zake: kuna "lakini" mbele yake, kuna "kwa sababu"? Ukikuta "yeye" au "hiyo", rudi nyuma umtafute mwenyewe. Tofautisha swali linalouliza kifungu kinasema nini na swali linalokuuliza wewe unaona nini. La pili halimo kifunguni hata ulisake kwa taa. Kwenye maswali ya kuchagua, anza kwa kuondoa majibu ambayo kifungu kinayapinga, kisha lile ambalo linaweza kuwa kweli duniani lakini mwandishi hakulisema. Hilo huwaangusha wengi. Na jibu liandike kwa maneno yako, hata kama sarufi inachechemea.

Lakini shauri hili la mwisho lina hila ndani yake, nami nalijua. Sarufi inayochechemea hupoteza alama. Sentensi iliyonakiliwa haina kosa. Maadamu mtahini anampa mwenye kunakili alama ambayo anamnyima mwenye kuelewa, mwalimu wa fotokopi atakuwa sahihi na mimi nitakuwa mhubiri. Watunga mitihani wanaweza kulibadili hili bila kusubiri Bunge wala mfadhili. Watunge maswali ambayo Mkalufi hawezi kuyajibu. "Kwa nini mnunuzi alikuja na madumu matupu?" halina sentensi ya kunakili.

Na ninyi watumishi wa umma mnaonisoma mkiwa ofisini, msidhani habari hii ni ya watoto. Mwananchi anapoandika kuuliza kwa nini mradi wa maji umechelewa, aghalabu hujibiwa kwamba mradi umechelewa kutokana na changamoto zilizosababisha ucheleweshaji. Lipigieni mstari neno kuu. Tazameni jibu lilivyolinakili swali. Waraka unashuka kutoka juu, unapigwa muhuri, unashushwa ngazi inayofuata ukiwa na maneno yaleyale, na katika ngazi zote tano hakuna aliyejiambia kwa lugha yake waraka unataka nini. Tumewalea watu hao sisi wenyewe, kwa alama na kwa vyeti.

Usiku ule wa Simbo nilimwandikia mpwa wangu kifungu cha Mkalufi, ingawa wakati ule kilikuwa kifupi zaidi. Akajibu maswali yote manne kabla mama yake hajamaliza kuchuja mafuta. Nikamwongezea la tano: je, Mkalufi alirejea akiwa na furaha au huzuni? Akakitazama kifungu kwa muda. Akarudi juu, akashuka, akapitisha kidole kwenye mstari wa mwisho.

"Mjomba, hapa hata aliyeandika hajui."

Nikafurahi, nikataka kumpongeza. Lakini alikuwa ameshainama tena, kalamu mkononi, akijaza nafasi ya jibu la tano: Mkalufi alirejea akiwa na tunje kubwa.

Nikamwuliza kwa nini ameandika, na amekwisha kusema kwamba jibu halipo.

"Nikiacha wazi ni sifuri," akasema.