Hilo jino haling'oki, wasee

Juzi mdogo wangu, darasa la pili, alilia usiku mzima juu ya jino. Mathe akasema tumwache, hilo ni la utoto, litang'oka tu. Nikamulika mdomo na tochi ya simu. Gego la mwisho, chini, lina shimo jeusi.

Hilo si la utoto. Gego la kwanza la ukubwani hutoka mtoto akiwa na miaka kama 6, nyuma kabisa ya yale ya utoto. Halingoi jino lolote ndio litoke, kwa hivyo hakuna mtu hushtuka. Juu lina mifereji, chakula kinakwama humo. Likioza likatolewa, hakuna lingine linakuja.

Najua juu langu liling'olewa nikiwa na miaka 15. Mpaka sai natafuna upande mmoja.

Mtasema, wewe uliacha kampasi, utatufunza nini? Sawa. Lakini kampasi naweza kurudi. Jino halirudi.

Tuache kulaumu watoto. Soda tunanunua sisi, alafu mtoto wa miaka 6 tunamwachia mswaki peke yake. Msaidie, asubuhi na kabla ya kulala, ufike mpaka gego la nyuma, dawa iwe na floridi. Akifika kama 12, magego mengine yanatoka. Usilale. Shimo dogo huzibwa. Ukingoja maumivu, unaweza pata ni kung'oa tu.

Jumatatu tunaenda kwa daktari. Wewe, leo usiku, washa tochi.