Kipimajoto Kilichopima Upepo

Juma lililopita mpwa wangu, kijana wa miaka 18 aishiye Uingereza na wazazi wake, alinipigia simu kwa unyonge. Ndege yake ndogo ya kuongozwa kwa redio, yenye injini ya petroli, ilizimika ikiwa angani. Aliiteremsha salama, lakini ng’ambo ya uzio walikuwapo watoto wakicheza. Baba yake ameizuia isiruke mpaka sababu ijulikane. Shemeji yangu huyo ni mkali, ila safari hii namuunga mkono: chombo cha kilo 7 kikikosa nguvu hakichagui pa kuangukia.

Sababu ilikuwa joto. Nyingi ya injini hizi ni za mapigo mawili, na mafuta ya kulainisha huchanganywa ndani ya petroli yenyewe. Skrubu ya kabureta ikikazwa kupita kiasi, petroli hupungua, na ulainishaji hupungua pamoja nayo. Kwa muda injini hulia vizuri, pengine vizuri kuliko jana, na hapo ndipo sikio hudanganyika. Kisha pistoni hunata ndani ya silinda. Mafundi husema injini imenoki.

Ajabu ni kwamba kijana alikuwa na kipimajoto, kile kinachotuma tarakimu kwa mawimbi hadi kwenye redio iliyo mkononi. Alikuwa amekifunga kwa kamba ya plastiki kwenye mapezi ya mbele ya silinda, mahali panapopigwa na upepo wa rafadha. Kamba ililegea kwa joto, kipimajoto kikaachana na chuma, kikawa kinapima upepo. Redio ikamtuliza wakati silinda inaungua.

Nilimshauri atumie themokapo yenye pete, inayokaa chini ya plagi. Hiyo ni nyaya mbili za metali tofauti zilizounganishwa nchani. Kiungo kikipata joto huzaa umeme mdogo mno, nao ndio unaopimwa. Huvumilia joto ambalo vipimajoto vya bei nafuu haviliwezi. Plagi ikazwe ipasavyo juu ya pete, gesi isivuje. Waya uachwe na ulegevu kidogo kisha ushikizwe, kwa kuwa mtetemo huukata. Usirefushwe kwa waya wa kawaida wa shaba, maana kila kiungo kipya kati ya metali tofauti huweza kupotosha kipimo. Tena upitishwe mbali na waya wa plagi, ambao cheche zake huvuruga mawasiliano.

Akaniuliza, “Mjomba, kengele niiweke nyuzi ngapi?” Sikumpa tarakimu. Chini ya plagi na kwenye mapezi havisomi sawa, na nyuma ya silinda, upepo usikofika, huwa na joto kuliko mbele. Kwanza aiache injini ipate petroli ya kutosha, aandike joto lake la kawaida katika safari kadhaa fupi, ndipo aiweke kengele juu kidogo ya hapo.

Baba mtu amekubali, kwa sharti: majaribio ya kwanza yafanywe ndege ikiwa imefungwa chini, nyuma ya gereji. Jumamosi hii kijana atashika bisibisi, na baba atakaa na redio akimsomea tarakimu.